PAUL GERHARDT (1607–1676): FURAHA YA MTU ALIYEPEPETWA

Kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja huwataja, na ndivyo ipasavyo, waasisi waliofyeka kiwanja, wainjilisti waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, wazee wa kanisa waliopokea sadaka za mayai na mahindi, na wachungaji waliopokezana huduma ya madhabahuni. Lakini yupo mtu mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika, na ambaye hata hivyo amekuwapo katika ibada nyingi za kanisa hili. Ijumaa Kuu waumini wanaposimama kuimba juu ya kichwa cha Bwana kilichojaa damu na majeraha, maneno wanayoyatamka yana asili yake kwa mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani aliyeitwa Paul Gerhardt. Wako wengi wanaozijua nyimbo zake kwa moyo bila kulijua jina lake.

Anastahili ukurasa katika kitabu hiki, wala si kwa sababu ya wingi wa nyimbo zake tu. Nyimbo hizo zimejaa furaha, na maisha ya mtunzi yalijaa mazishi. Mtu akiyaweka mambo hayo mawili sambamba, hana budi kuuliza kama furaha ile ilikuwa ya kweli, na kama ilikuwa ya kweli, ilitoka wapi.

Yatima wa Gräfenhainichen

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1607 katika mji mdogo wa Gräfenhainichen, katika nchi ya Sachsen, si mbali na Wittenberg alikofundisha Martin Luther. Baba yake, Christian Gerhardt, alikuwa mkulima na mwenye nyumba ya wageni, na pia alishika cheo cha meya wa mji. Mama yake, Dorothea, alitoka katika ukoo uliokuwa na watumishi wa kanisa. Nyumba yao haikuwa nyumba ya shida.

Paul alipokuwa na umri wa miaka 11, ilianza ile ambayo wanahistoria huiita Vita vya Miaka Thelathini, yaani kutoka mwaka 1618 hadi 1648. Vita hivyo vilianza kama ugomvi wa dini kati ya watawala Wakatoliki na Waprotestanti, vikaendelea kama ugomvi wa wafalme, na mwishoni vilikuwa njaa na tauni zilizotembea pamoja na majeshi. Kabla vita havijafika mlangoni pao, kifo kiliingia kwa njia nyingine. Baba alifariki mwaka 1619 na mama akamfuata mwaka 1621. Katika umri wa miaka 14 Paul Gerhardt alikuwa yatima.

Mwaka 1622 alipelekwa katika shule ya Grimma, mojawapo ya shule za bweni zilizowekwa na watawala wa Sachsen ili kuandaa watumishi wa kanisa na wa serikali. Nidhamu ilikuwa kali. Vijana walisoma Kilatini, walisali kwa saa zilizopangwa, na walikariri mafundisho ya imani kutoka kitabu cha Leonhard Hutter, mwalimu wa Wittenberg aliyeyapanga mafundisho ya Kilutheri kwa njia ya maswali na majibu. Kijana aliyelelewa hivyo hakuyachukua maneno ya imani kama jambo la kubadilishwa kwa urahisi. Msomaji ayakumbuke malezi hayo, kwa maana miaka 40 baadaye yatamgharimu kazi yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1628 aliingia Chuo Kikuu cha Wittenberg kusomea theolojia. Alikaa katika mji huo zaidi ya miaka kumi. Siku hizi mwanafunzi wa theolojia anayekawia hivyo angesemwa, lakini kwa Gerhardt sababu ilikuwa wazi: sharika nyingi zilikuwa zimeungua, waumini wametawanyika, na hapakuwa na mahali pa kumpangia mchungaji kijana. Aliishi kwa kuwa mwalimu wa nyumbani wa watoto wa mchungaji mmoja wa mjini. Akiwa huko, mwezi Aprili 1637, askari wa Uswidi walikitia moto kijiji chake cha utoto, maana baada ya moto ule Gräfenhainichen haukustahili tena kuitwa mji. Kanisa aliloimbia na nyumba aliyozaliwa viliteketea. Mwezi Novemba wa mwaka uleule ndugu yake Christian alikufa kwa tauni.

Hivyo, alipofikia umri wa miaka 30, Paul Gerhardt hakuwa na wazazi, wala nyumba ya kurudia, wala ndugu yule, wala usharika, wala mke. Hapakuwa na dalili yoyote ya nje kwamba angekuja kuwa mwalimu wa furaha wa kanisa zima la Kilutheri.

Mwalimu wa nyumbani na kiongozi wa waimbaji

Mnamo mwaka 1643 alihamia Berlin. Mji huo haukuwa jiji kuu linalojulikana leo; vita na tauni vilikuwa vimepunguza wakazi wake hadi karibu nusu. Gerhardt alipokewa katika nyumba ya mwanasheria Andreas Berthold, akawa mwalimu wa nyumbani kwa mara nyingine tena. Alikuwa mtu mzima wa miaka 36, mwenye elimu ya kutosha kuhubiri mbele ya watawala, naye alikuwa akila mezani pa wengine na kuwafundisha watoto wa wengine.

Karibu na nyumba hiyo lilikuwapo kanisa la Mtakatifu Nikolao, na ndani yake kiongozi wa uimbaji aitwaye Johann Crüger. Crüger alikuwa akitafuta maneno mapya kwa ajili ya kitabu cha nyimbo alichokuwa akikichapisha tena na tena. Mwalimu wa nyumbani alikuwa na mashairi ambayo hayajaimbwa na mtu. Katika toleo la mwaka 1647 zilionekana nyimbo 18 za Gerhardt, na katika toleo la mwaka 1653 zilikuwa zimefika 82. Kanisa la Kilutheri lina deni kubwa kwa urafiki wa watu hawa wawili. Kama Crüger asingeyapokea mashairi yale na kuyapa sauti, huenda yangebaki katika sanduku la mwalimu.

Nyimbo hizo zilikuwa na sauti mpya. Nyimbo za Luther husimama kama kusanyiko lote linaloungama. Ndani yake husikika zaidi sisi. Katika nyimbo za Gerhardt husikika mara nyingi mimi. Si mimi ya majivuno, bali ya mtu aliye peke yake na Mungu wake, anayeuliza kwa nini anaogopa na kwa nini amechoka. Naye hufanya jambo ambalo msomaji wa Zaburi atalitambua mara moja: huusemesha moyo wake mwenyewe. Kama vile mtunga Zaburi anavyoiuliza nafsi yake kwa nini inainama, ndivyo Gerhardt anavyouamsha moyo wake, anavyoukemea na kuutuma.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wimbo wake wa kiangazi uliochapishwa mwaka 1653, wenye beti 15. Ndani yake anauagiza moyo wake utoke nje ukaitafute furaha. Kisha anauonyesha mahali pa kuitafuta: miti iliyovaa majani, maua ya bustani, kuku jike anayeongoza vifaranga, mbayuwayu anayelisha makinda, kijito kinachopita kwenye mchanga, nyuki wanaokwenda huku na huko, ngano inayokua kwa nguvu. Nusu ya kwanza ya wimbo yote ni kutazama. Katikati, mwimbaji anakiri kwamba hawezi tena kunyamaza wakati kila kitu kinaimba, na kutoka hapo anaanza kuiwaza bustani ya Kristo na kuomba yeye mwenyewe awe mti uliotia mizizi.

Mwaka 1653 ulikuwa mwaka wa tano tu tangu vita viishe, na watu waliouimba wimbo huo kwa mara ya kwanza walikuwa wameona mashamba yakikanyagwa na farasi wa majeshi kwa miaka 30. Ngano iliyosimama haikuwa kwao pambo la shairi. Gerhardt hakuwaambia wasahau. Alitunga pia wimbo wa kushukuru kwa amani ya mwaka 1648, na ndani yake, katikati ya shukrani, anawaelekeza watu kwenye magofu ya miji na mashamba yaliyogeuka mapori, na kuwauliza kama wamejifunza neno. Macho yake yaliona yote mawili. Furaha yake haikuwa ya mtu asiyetazama makaburi. Ilikuwa ya mtu aliyeyatazama, kisha akauamuru moyo wake utazame pia kuku na vifaranga vyake. Hapo ndipo anapotofautiana na wale wahubiri wanaoahidi kwamba mwenye imani hatapatwa na msiba.

Mittenwalde na Berlin

Tarehe 18 Novemba 1651 alibarikiwa kuwa mchungaji katika kanisa lilelile la Mtakatifu Nikolao. Alikuwa na umri wa miaka 44. Alitumwa kwenye mji mdogo wa Mittenwalde, kusini mwa Berlin, kwa cheo kinachokaribia kile cha mkuu wa jimbo katika utaratibu wa leo. Tarehe 11 Februari 1655 alimwoa Anna Maria Berthold, binti wa mwanasheria yule aliyemkaribisha nyumbani kwake. Bwana harusi alikuwa na miaka 47, bibi harusi 32.

Mwaka uliofuata walimpata binti, Maria Elisabeth. Alizaliwa mwezi Mei 1656 na kufariki mwezi Januari 1657, kabla hajatimiza mwaka mmoja. Wazazi waliweka kibao cha kumbukumbu yake katika kanisa la Mittenwalde. Mwaka huohuo wa 1657 Gerhardt aliitwa kurudi Berlin kuwa mmoja wa wachungaji wa kanisa la Mtakatifu Nikolao. Watoto wengine wanne walizaliwa huko. Watatu kati yao walizikwa wakiwa wachanga, wa mwisho mwaka 1665. Katika watoto watano alibaki mmoja tu, Paul Friedrich, aliyezaliwa mwaka 1662.

Kuhusu miaka hiyo hapafai kupamba maneno. Mchungaji aliyewazika watoto wa waumini alilazimika kurudi nyumbani kuwazika wa kwake, mara nne.

Sahihi iliyokataliwa

Mtawala wa Brandenburg wakati huo alikuwa Friedrich Wilhelm, mmoja wa watawala wachache wenye haki ya kumchagua Kaisari. Tangu mwaka 1613 ukoo wake ulikuwa umefuata imani ya Kalvini, huku wananchi walio wengi wakibaki Walutheri. Mtawala huyu alichoka kusikia mimbari zikirushiana maneno. Mwaka 1662 aliwaita wachungaji wa pande zote mbili wakae na kujadiliana, lakini mazungumzo yale yaliisha mwaka uliofuata bila mapatano. Mwezi Septemba 1664 alitoa amri iliyokataza kuwashambulia wa upande mwingine mimbarani, na wachungaji wakatakiwa kutia sahihi kwamba wataitii. Kwa Walutheri amri hiyo iligusa pia Fomula ya Konkordia ya mwaka 1577, ungamo ambalo Gerhardt aliahidi kulishika alipobarikiwa, na ambalo halikukaa kimya kuhusu mafundisho ya Kalvini juu ya Meza ya Bwana.

Kwa haki, lazima isemwe kwamba nia ya mtawala ya kuleta utulivu haikuwa mbaya. Lazima isemwe pia kwamba Gerhardt, aliyekuwa mpole katika mahubiri, alikuwa mgumu katika hoja. Katika maandishi yake ya wakati wa mazungumzo yale hakuwa tayari kuwahesabu Wakalvini, kwa sababu ya mafundisho yao, kuwa ndugu katika imani. Walutheri wa leo hawamfuati katika jambo hilo. Tangu Makubaliano ya Leuenberg ya mwaka 1973, makanisa mengi ya Kilutheri na ya Kireformed ya Ulaya hushiriki mimbari na Meza ya Bwana. Hakuna haja ya kumfanya mtakatifu katika kila alilolisema.

Lakini swali lililowekwa mbele yake tarehe 6 Februari 1666 halikuwa kama anawapenda Wakalvini. Lilikuwa kama atatia sahihi. Alikuwa na mke asiye na afya njema na mtoto wa miaka mitatu. Miezi michache iliyopita alikuwa amemzika mtoto wa nne. Wenzake wawili walikuwa wamekwisha kuondolewa kazini mwaka uliotangulia, hivyo alijua kinachofuata. Alikataa, na siku chache baadaye akafukuzwa.

Mji ulisimama upande wake. Raia na vyama vya mafundi, wakiwamo washona nguo na waokaji mikate, walipeleka maombi, na baraza la mji likamwandikia mtawala kwamba mchungaji huyu hakuwahi kumtukana mtu wa imani nyingine mimbarani. Maombi yalirudiwa. Hatimaye, mwezi Januari 1667, mtawala alikubali: Gerhardt arudi kazini bila kutia sahihi yoyote. Inaweza kuwaziwa furaha iliyokuwapo katika nyumba ile.

Haikudumu. Pamoja na barua ulikuja ujumbe wa mdomo kwamba mtawala anatumaini mchungaji ataiheshimu amri ile hata bila sahihi. Gerhardt aliupima ujumbe huo. Aliona kwamba kile alichokataa kukiandika kwa mkono sasa kilikuwa kinatakiwa kwa ukimya wake, na kwamba akirudi mimbarani kwa masharti hayo atakuwa ametia sahihi moyoni. Aliomba ufafanuzi, akaeleza kwamba hawezi kuingia kazini akiwa na dhamiri iliyojeruhiwa, na mwishowe akaiacha nafasi ambayo mji mzima ulikuwa umempigania. Wako waliomwona kuwa mkaidi. Inawezekana walikuwa sahihi kwa sehemu. Hata hivyo mtu anayetafuta raha kwanza hafanyi hivyo. Wala anayetafuta huzuni hafanyi hivyo. Alifanya kama mtu anayejua kwamba kuna kitu kimoja ndani yake ambacho kikiharibika, hakuna mshahara utakaokirudisha.

Miaka hiyohiyo ya 1666 na 1667, wakati mtunzi hana kazi, Johann Georg Ebeling, aliyemrithi Crüger, alizichapisha nyimbo 120 za Gerhardt, kumi na mbili kumi na mbili, katika mafungu kumi. Mtawala alimnyamazisha mchungaji katika mimbari moja. Vitabu vya Ebeling vikampeleka katika nyumba zisizohesabika.

Hadithi nzuri isiyo ya kweli

Ipo hadithi inayopendwa na wahubiri. Inasemwa kwamba Gerhardt, baada ya kufukuzwa, aliondoka Berlin kwa miguu pamoja na mkewe, wakalala katika nyumba ya wageni njiani bila kujua waendako. Mke akalia. Mume akamkumbusha Zaburi ya 37, aya ya 5, kisha akatoka bustanini, akaketi, akautunga usiku uleule ule wimbo wake mkuu wa kumkabidhi Mungu njia, ambao maneno ya kwanza ya beti zake 12 yakiunganishwa huifanya aya hiyohiyo. Kabla hawajalala, wakafika wajumbe wenye barua ya kumwita kwenye kazi mpya.

Ni hadithi nzuri, lakini tarehe zinaikataa. Wimbo ule ulichapishwa mwaka 1653, miaka 13 kabla ya kufukuzwa, wakati Gerhardt hajaoa. Tena Anna Maria hakuondoka Berlin baada ya mumewe kufukuzwa; alifia hukohuko tarehe 5 Machi 1668, akimwachia mumewe mtoto wa miaka mitano.

Ukweli una uzito kuliko hadithi. Katika hadithi, shida inakuja jioni, wimbo unatungwa usiku, na msaada unafika kabla ya alfajiri. Katika maisha halisi nyimbo karibu zote za furaha na za kutumaini zilikuwa zimekwisha kutungwa kabla ya siku zilizo mbaya kuliko zote. Mtunzi aliyeandika akiwa kijana asiye na kitu, na kisha mchungaji mpya, alikuja kupewa mke, watoto, jina na mimbari katika mji mkubwa, kisha akaviona vikiondolewa kimoja baada ya kingine. Na kila kimoja kilipoondolewa, maneno yake mwenyewe yalikuwa yanaimbwa kanisani mbele yake. Alilazimika kuishi chini ya nyimbo zake. Aliyewahi kuhubiri juu ya faraja, kisha akafiwa, anajua kwamba hilo ni zito kuliko kutunga.

Lübben

Mwaka 1668 alipata wito kutoka mji wa Lübben, kusini-mashariki mwa Berlin, katika eneo lililokuwa chini ya watawala wa Kilutheri na nje ya mamlaka ya mtawala wa Brandenburg. Wito haukuwa na fahari. Nyumba ya mchungaji haikuwa tayari, na majadiliano juu ya matengenezo yakachukua miezi. Aliingia kazini katikati ya mwaka 1669, mjane wa miaka 62, akiongozana na mwana wake mmoja.

Alitumika huko miaka saba. Alihubiri, alibatiza, alizika. Nyimbo alizotunga Lübben, kama zipo, ni chache mno. Jumla ya mashairi yake ya Kijerumani ni takriban 139, na kisima kile kilichotoa 82 kufikia mwaka 1653 kilikuwa kimekauka. Baadhi ya waandishi husikitikia ukimya huo na kuuona kama dalili kwamba mzee alivunjika. Labda alichoka, angekuwa mtu wa ajabu kama asingechoka. Lakini hakuiacha kazi, hakurudi Berlin kutia sahihi, wala hakuandika neno la kuzikana nyimbo zake. Furaha aliyoifundisha haikuwa kuchangamka kwa uso. Katika wimbo mwingine wa mwaka 1653, anapojiuliza kwa nini ahuzunike ilhali Kristo angali wake, anazitaja hasara moja moja, mali, heshima na uhai wenyewe, na kuonyesha kwamba zote alipewa tu kwa muda na Mwenyewe anaweza kuzitaka. Lübben ulikuwa mji ambamo hayo yalikuwa yamekwisha kutakwa, na yule asiyeweza kutakwa alikuwa amebaki.

Nyimbo, kwa upande wake, zilikuwa zimeanza safari yao. Johann Sebastian Bach alizitumia katika Mateso ya Bwana kwa Mathayo ya mwaka 1727. Dietrich Bonhoeffer, aliyefungwa katika gereza la Tegel mwaka 1943, alizirudia humo akapata nguvu. Wamisionari wa Berlin waliofika Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891, na wale wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walikuja nazo katika vitabu vyao vya nyimbo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoleta kuondolewa kwa wamisionari Wajerumani, sharika nyingi zilibaki na walimu wenyeji, Neno na nyimbo. Nyimbo zilizozaliwa katika nchi iliyochakazwa na vita hazikuona ugeni katika midomo ya watu ambao wanaume wao walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya majeshi na wengi hawakurudi. Leo zimo katika Mwimbieni Bwana, na waumini huziimba pamoja na tarumbeta kana kwamba zilitungwa hapa.

Alipoona mwisho unakaribia, Gerhardt alimwandikia mwanawe wasia. Paul Friedrich hakuwa ametimiza hata miaka 14. Baba anamweleza kwamba hamwachii mali nyingi za dunia, bali jina lisilo na aibu. Anamwagiza asome theolojia katika vyuo visivyoyumba katika imani, asiwe mwepesi wa hasira, asifuate fedha, na asali. Ni wasia wa mzazi anayehofia mtoto wake, wenye ukali kidogo wa yule mwanafunzi wa Grimma aliyekariri kitabu cha Hutter, na ndani yake mwandishi anamshukuru Mungu kwa wema wote aliomtendea tangu tumboni mwa mama yake hadi saa ile.

Alifariki tarehe 27 Mei 1676, akiwa na umri wa miaka 69. Husimuliwa kwamba wakati wa kufa alikuwa akiutamka ubeti wa ule wimbo wa kutohuzunika. Alizikwa ndani ya kanisa la Lübben, ambalo sasa linaitwa kwa jina lake. Watu wa Lübben waliitundika kanisani picha yake, mzee mwenye joho jeusi, na chini yake wakaandika kwa Kilatini maneno yanayomtaja kuwa mtheolojia aliyepepetwa katika ungo wa Shetani.